Hatua Nane

Moto uliposhuka mlimani ukafunika mtaa wetu wa Goma,
haukuacha ua wala choo wala kamba ya kuanikia nguo.
Tuliporudi, jiwe lilikuwa bado linafuka chini ya ndala,
na kila mtu alitafuta parseli yake kwa kukumbuka:
hapa palikuwa na jiko, hapa Kyakimwa alizaliwa,
hapa… ee Bwana, hapa ni wapi?

Bauma hakungoja jiwe lipoe.
Alikuja usiku na nondo na ndoo ya chokaa,
akahesabu hatua nane ndani ya kwangu,
akapiga mstari mweupe juu ya lava nyeusi,
mnyoofu kama kazi ya mtenda haki.
Chifu wa avenyu alipima kwa macho,
na macho yenyewe yalikwisha kuoshwa kwa kreti mbili za bia.
Nikashindwa. Mjane hashindani na kreti.

Miaka mitatu sikumsalimia.
Nilipita kwake nikihesabu,
moja, mbili, mpaka nane,
kama mtu anayesali rozari ya kinyongo.

Jumapili moja padri akasoma habari ile
ya kumpenda anayekuchukia,
ya kukopesha bila kukaa mlangoni ukingoja.
Nikasema moyoni: Bwana, wewe hukuwa na parseli.
Kisha nikanyamaza.
Hata kaburi lako lilikuwa la kuazima.

Jumatatu, jogoo wa Mama Nzigire hajamaliza kuwika,
hodi.
Bauma, kofia mkononi.
Anataka chukudu ya marehemu mume wangu,
ile ya mkaratusi, inayonilisha franka elfu tano kwa siku.
Anataka kubebea mawe.
Mawe gani?
Ya ukuta.
Ukuta upi?
Akatazama vidole vya miguu yake.

Damu ilinipanda hadi masikioni.
Matusi yote ya Birere yalipanga foleni ulimini,
kila moja na bidoni yake.
Nikasema: "Bauma, ardhi ile ni yangu.
Wewe unajua, mimi najua, na jiwe linajua.
Nitamwambia chifu, na chifu atakayemfuata.
Chukudu ile pale.
Gurudumu la mbele linavuta kushoto;
ukiteremka, kanyaga breki mapema, usije ukafa."

Sikusema kwa sauti tamu.
Wanaosema upendo ni asali
hawajawahi kumpa Bauma.
Mimi ulinitoka kama jino.

Siku tatu nilitazama ukuta ukipanda
kwa mbao zangu, kwa jasho lake,
juu ya hatua zangu nane.
Siku ya nne nikaikuta chukudu imeegemezwa mlangoni,
raba imechanika,
hakuna asante, hakuna hata fungu la sombe.
Nikatafuta misumari na kipande cha tairi kuukuu,
nikakaa chini kugonga raba mpya,
nikingoja hasira ije inisaidie nyundo.
Haikuja.
Ilikuja njaa tu, na kicheko kidogo
ambacho mpaka leo sijui kilitoka wapi.

Usiku ule mlima ulitema jivu.
Kulipokucha lilikuwa juu ya bati langu na juu ya bati lake,
unene uleule. Halikuuliza hati.
Na jua, lilipochomoza ng'ambo ya mpaka,
nalo halikuuliza.

Nilikuwa juu ya ngazi na ufagio nilipomsikia:
"Mama Kyakimwa, ile chukudu…"
Safari hii hakuvua kofia.

"Iko palepale," nikasema,
nikaendelea kufagia.